Tippu Tip, gavana wa pauni 30 kwa mwezi

NIMEFUNDISHA Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Kigoma kwa miaka kadhaa sasa, na kila tunapofika kwenye mada ya kuenea kwa Uislamu Afrika Mashariki wanafunzi huniuliza swali lile lile: Je, Tippu Tip alikuwa mtu wetu au hakuwa mtu wetu? Wengi wanaouliza ni watoto wa Ujiji, vitukuu wa Wamanyema, ambao wazee wao walivushwa ziwa hili kutoka Kongo wakiwa wapagazi, askari, wake au watumwa wa misafara. Wanauliza kwa sababu wamesikia habari mbili zisizopatana. Vitabu vya shule vinamtaja kuwa mfanyabiashara katili wa watumwa, basi, kana kwamba biashara ile ilianza kwake na kuishia kwake. Baadhi ya masheikh wetu nao, kwa kuchoshwa na vitabu hivyo, wanamtaja kuwa shujaa wa Kiislamu aliyehujumiwa na wakoloni.

Mimi huwaambia waliweke kwanza pembeni swali hilo, waanze na jingine: Tippu Tip alikuwa anadaiwa na nani? Ukilifuata hilo utajikuta umetoka Ujiji ukaenda Unguja, na kutoka Unguja ukaenda Bombay, London na Brussels. Njiani utakutana na mambo ambayo wengi wetu tunadhani yalianza na IMF na Benki ya Dunia. Mashirika hayo yalibuniwa mwaka 1944. Haya ninayoyasimulia yalitokea kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika miongo kadhaa kabla.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammad bin Juma al-Murjebi. Alizaliwa Unguja takriban mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa bara mwenye makao karibu na Tabora, aliyeoa katika nyumba ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kijana alianza na biashara ndogo ya sandarusi, na alipofika umri wa miaka 18 hivi akaandamana na baba yake kwenda Unyamwezi. Kutoka huko akafika Ujiji na kuvuka ziwa kwenda Urua, upande wa Kongo, kutafuta pembe za ndovu kwa bei nafuu.

Hilo la kuvuka ziwa kutafuta bei nafuu lishike, maana ndilo linaloeleza maisha yake yote. Ujiji ya wakati ule ilikuwa mji wa soko hasa. Wavuvi, wauza mawese, wauza chumvi ya Uvinza na wenye pembe walikutana pale, na chenji ya sokoni ilikuwa ushanga ulioitwa sofi. Liwali wake mashuhuri, Mwinyi Kheri, alikuwa mtu wa pwani aliyeoa kwa watawala wa Kijiji na kuendesha mji kwa kuelewana nao. Lakini mji ukijaa wanunuzi, bei hupanda. Mfanyabiashara mwenye deni hawezi kununua pembe ghali Ujiji na bado akamlipa aliyemkopesha Unguja. Kwa hiyo anasogea mbele, huko ambako hajatangulia mnunuzi mwingine, na mwisho anafika mahali ambapo anaona bunduki ni rahisi kuliko ushanga.

Ndugu msomaji, msafara haukuondoka Bagamoyo kwa dua peke yake. Ulihitaji majora ya merikani na kaniki, ushanga wa rangi inayopendwa huko uendako (ukikosea rangi umeshapata hasara kabla hujaanza), waya wa shaba, baruti, bunduki, na posho ya mamia ya wapagazi. Ni wachache mno miongoni mwa Waarabu na Waswahili wa bara waliokuwa na mtaji huo mfukoni. Mtaji ulikuwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, na nyuma yao zilikuwapo nyumba za biashara za Bombay, za London na za Salem kule Marekani. Mwenye mali alitoa bidhaa kwa mkopo, kwa bei iliyo juu ya ile ya taslimu, na mkopaji akaahidi kumletea pembe baada ya miaka miwili au mitatu. Wanachuoni wengi wanaruhusu kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu, maadamu bei imekatwa tangu mwanzo, kwa hiyo sisemi kuwa kila mkataba wa Unguja ulikuwa riba. Ninachosema ni kuwa deni lilikuwa na tarehe, na tarehe hiyo ilitembea pamoja na msafara.

Aliyemkopesha Tippu Tip kuliko wote ni Taria Topan, Khoja kutoka Kutch aliyefika Unguja akiwa mtoto na kuja kuwa tajiri mkubwa wa kisiwa. Jengo lile la nakshi lililoko ufukweni Mji Mkongwe, linaloitwa Old Dispensary, ni yeye aliyelianzisha. Mwaka 1876 Taria alikodi forodha ya Unguja. Utaratibu ulikuwa hivi: mkodi anampa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, na ushuru wote unaokusanywa unakuwa wake. Maana yake, pembe ya Tippu Tip iliposhuka Unguja, mtu mmoja ndiye aliyekuwa anamdai, anamtoza ushuru, na anainunua. Serikali yenyewe ilikuwa inangoja fedha kutoka mkononi mwake. Baadaye Malkia Victoria akampa Taria cheo cha 'Sir'.

Mwaka 1867 Hamed alifika Itabwa, kusini-magharibi ya ziwa, kwa mtawala aliyeitwa Nsama, mwenye sifa ya kutoshindwa na mwenye ghala la pembe. Wakapigana, Nsama akashindwa, pembe zikachukuliwa. Inasemekana jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, ingawa wengine wanasema ni kwa namna alivyokuwa akipepesa macho. Mwaka huo huo alikutana na David Livingstone huko huko, akamsaidia.

Hapa lazima tuseme ukweli bila kumung'unya maneno. Tangu Itabwa na kuendelea, utajiri wa Tippu Tip ulichanganyika na damu. Pembe zilizochukuliwa kwa vita zilihitaji mabega ya kuzibeba, na mabega hayo mara nyingi yalikuwa ya watu waliotekwa katika vita hiyo hiyo. Nimeshasikia hoja kuwa hao walikuwa mateka wa vita na kwamba sharia ina hukumu zake juu ya mateka. Ni hoja dhaifu. Vita ya kugombania ghala la pembe si jihadi, na mtu huru aliyekamatwa shambani kwake hageuki mtumwa wa halali kwa sababu tu aliyemkamata anaswali. Iko Hadithi mashuhuri katika Bukhari juu ya watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemtumikisha mwajiriwa akamnyima ujira. Msomaji aikumbuke Hadithi hiyo tunapoendelea, kwa sababu wote watatu wamo katika kisa hiki, na hawakuwa wa dini moja.

Safari yake kubwa ilianza mwaka 1870 na ilimchukua miaka 12. Alivuka hadi Manyema na kwingineko, na huko Utetera akapokewa kuwa mtawala baada ya kumwaminisha mtemi mzee wa huko kuwa wana undugu kupitia bibi yake. Iwe kweli au iwe werevu wa mfanyabiashara, tangu hapo hakuwa tena mchuuzi wa kupita. Akakusanya kodi ya pembe, akaweka watu wake, akapanda mashamba ya mpunga, na Kasongo ukawa mji wa Waswahili katikati ya Kongo. Kiswahili cha Kongo mashariki na misikiti ya Kasongo na Kisangani vina mizizi katika miaka ile. Ni urithi ambao hatuwezi kuukana, wala hatuwezi kuutenganisha na namna ulivyofika.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akitaka kusindikizwa kuteremka mto Kongo. Wakakubaliana dola 5,000 kwa vituo 60. Msitu, maradhi na mapigano vikawashinda watu wa Tippu Tip, wakaachana kabla ya mwisho, na baadaye kila mmoja akamlaumu mwenzake juu ya malipo. Tippu Tip alirudi kwenye pembe zake. Stanley alifika bahari ya Atlantiki na kwenda Ulaya na ramani.

Aliyeisubiri ramani hiyo ni Leopold II, Mfalme wa Ubelgiji. Septemba 1876 alikuwa amewaalika Brussels wanajiografia na wasafiri mashuhuri, ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, mwenyekiti wake yeye mwenyewe. Malengo yaliyotangazwa yalikuwa mazuri kiasi kwamba nani angeyapinga? Sayansi, ustaarabu na kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1878 ikaundwa kamati nyingine ya uchunguzi wa Kongo ya Juu, hii ikiwa na fedha za mabenki ndani yake, na baada yake ikaja Jumuiya ya Kimataifa ya Kongo. Majina yalifanana kwa makusudi, bendera ikawa ile ile ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu, na watu wengi Ulaya hawakutambua kuwa jumuiya ya wasomi wa mataifa mengi ilikuwa imegeuka mali ya mtu mmoja.

Sisi wa ziwani tuliiona mapema. Mwaka 1879 jumuiya hiyo ilijenga kituo Karema, kusini mwa Kigoma kwenye ufukwe huu huu, na mwaka 1883 kingine Mpala, ng'ambo ya pili. Mkuu wa Mpala, Luteni Emile Storms, aligombana na mtawala wa jirani aliyeitwa Lusinga. Desemba 1884 watu wake walimuua Lusinga, na fuvu la kichwa chake likasafirishwa hadi Ubelgiji. Sayansi na ustaarabu, ndiyo hayo.

Tippu Tip alipita Ujiji akirudi pwani na shehena yake, akaingia Unguja mwaka 1882. Ujiji kwenyewe alishirikiana na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mtu wa Lindi anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, ambaye baada ya Mwinyi Kheri kufariki mwaka 1885 ndiye aliyekuwa na nguvu mjini na kwenye ufukwe wa kaskazini wa ziwa. Sayyid Barghash alimtaka Tippu Tip arudi bara haraka akaishike Manyema kwa niaba ya Unguja, asije akatanguliwa na Wazungu. Akarudi mwaka 1883. Wala hawakujua kuwa jambo hilo lilikuwa linaamuliwa kwingine kabisa.

Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 15, 1884 na kufungwa Februari 26, 1885. Walikuwapo Waingereza, Wafaransa, Wajerumani, Wareno, Marekani, hata Dola ya Uthmaniya. Sultani wa Unguja, ambaye bendera yake ilipepea Ujiji na ambaye wafanyabiashara wake walikuwa Kongo, hakualikwa. Jumuiya ya Leopold haikuwa nchi, lakini ilitoka kwenye mkutano ule ikitambuliwa kama nchi, kwa masharti mawili makubwa: biashara iwe huru kwa mataifa yote, ushuru wa kuingiza bidhaa usitozwe kwa miaka 20, na utumwa upigwe vita. Nimesema mawili na nimetaja matatu, lakini hilo la ushuru lilikuwa tafsiri tu ya neno 'huru'. Kabla mwaka 1885 haujaisha Dola Huru ya Kongo ilikwishatangaza kuwa ardhi yote isiyokaliwa ni mali yake.

Tusidhani kuwa ukumbi wa namna ile umefungwa. Katika IMF ya leo kura hupimwa kwa mafungu ya fedha. Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo bila yeye hayapiti. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa na viti viwili tu kwenye bodi ya wakurugenzi hadi Novemba 2024, zilipoongezewa cha tatu. Tanzania ilipogombana na shirika hilo mwaka 1979 na hatimaye kutia saini masharti yake Agosti 1986, ilikuwa inajadiliana na ukumbi ambao kanuni zake ziliandikwa miaka 17 kabla Tanganyika haijawa nchi huru. Angalau sisi tulikuwa na kiti. Barghash hakuwa nacho.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilijipanga mbele ya kasri la Barghash zikimtaka akubali mikataba ya Carl Peters, naye akakubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikamwachia ukanda wa pwani wa maili 10. Ufukwe wa Ujiji ukawa wa Wajerumani kwenye karatasi, ingawa hakuna Mjerumani aliyeweka kituo Ujiji hadi mwaka 1896. Tippu Tip aliporudi Unguja mwishoni mwa 1886 alimkuta Sayyid amevunjika moyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, Barghash alimweleza kuwa habari ya bara hana tena, kwani hata Unguja yenyewe anaiona inamponyoka.

Wakati huo huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, watu wa Tippu Tip walikuwa wamepigana na ofisa wa Dola Huru, Walter Deane, na kumfukuza kituoni, Agosti 1886. Leopold hakuwa na jeshi wala fedha za kukirudisha kituo kile. Alichofanya ni kumwajiri mwenye nguvu. Februari 24, 1887, ndani ya ubalozi wa Uingereza Unguja, mbele ya kaimu balozi Holmwood na Stanley akiwa mwakilishi wa mfalme, Tippu Tip alitia saini mkataba wa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Apandishe bendera ya nyota moja. Azuie biashara ya watumwa. Akubali kukaa na ofisa wa Kizungu atakayekuwa katibu wake. Biashara yake binafsi ya halali abaki huru kuifanya popote.

Nimeufikiria mkataba huu mara nyingi, kwa sababu aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana madeni na kushuhudisha, na kwa juu juu mkataba ule ulikuwa na vyote hivyo: maandishi, mashahidi, kiasi kinachojulikana. Kasoro yake haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa kwamba upande mmoja ulikuwa na uwezo wa kubadilisha sheria ya nchi ambayo mkataba ulisimama juu yake, na upande wa pili haukuwa nao. Biashara ya halali abaki huru, sawa. Lakini nani atakayesema kesho kipi ni halali?

Wapo wanaosema alisaini kwa tamaa. Sidhani. Pauni 30 zilikuwa fedha kidogo kwa mtu wa utajiri wake. Alikuwa na miaka 50 hivi, Sultani wake hana nguvu, pembe zake ziko katikati ya nchi ambayo mataifa makubwa yameshasema ni ya Leopold, na tajiri wake anangoja malipo. Mtu anayedaiwa hachagui sana. Siku ya pili yake alipanda meli ya Madura pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Kongo, na mwezi Juni akawa kituoni kwake.

Ugavana huo ulifungwa kamba moja na safari ya Stanley ya kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Misri aliyekwama Ikweta. Tippu Tip aliahidi wapagazi 600. Ulaya ilichangia safari ile kama kazi ya huruma, ila Stanley mwenyewe alikuwa amepiga hesabu kuwa Emin ana tani 75 za pembe zenye thamani ya pauni 60,000, na wapagazi 600 walikuwa wa kuzibeba. Wapagazi walichelewa, wakaja pungufu. Kambi ya nyuma ya Stanley ikateketea kwa njaa na maradhi, na mkuu wake, Meja Barttelot, akauawa Julai 1888. Stanley alimtupia Tippu Tip lawama yote, na alipofika Unguja mwishoni mwa 1889 akafungua kesi katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza kuzuia pauni 10,000 za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa Taria Topan. Taria alikuwa raia wa Kiingereza, kwa hiyo mahakama ile ilikuwa na nguvu juu ya fedha zilizo kwake. Mdaiwa yuko Kongo, wala hajaitwa kujieleza, na fedha zake zimefungiwa Unguja kwa kutumia daftari la aliyemkopesha. Kesi baadaye iliachwa, lakini Tippu Tip alifunga safari kurudi pwani kwa ajili yake. Aliondoka Kongo mwaka 1890, akafika Unguja mwaka 1891, na hakurudi tena.

Katika muda huo huo mambo mawili yalifanyika Ulaya. La kwanza, Mkutano wa Brussels wa kupinga utumwa ulimalizika Julai 1890, na pamoja na maazimio yake mazuri uliiruhusu Dola Huru ya Kongo kutoza ushuru wa hadi asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia, jambo ambalo Berlin ilikuwa imelikataza. Vita dhidi ya watumwa inahitaji gharama, ndiyo hoja iliyotolewa. La pili, serikali ya Ubelgiji ilimkopesha Leopold faranga milioni 25 bila riba, kwa sharti kwamba baada ya miaka 10 iwe na haki ya kuichukua Kongo. Msomaji atazame vizuri hapo: nchi nzima na watu wake imewekwa rehani kwa deni ambalo hakuna hata mmoja wao aliyesikia habari zake.

Septemba 1891 Leopold akatoa amri ya siri kuwa maofisa wake wahakikishe pembe na mpira vyote vya maeneo ya juu vinaingia kwa Dola. Kwa amri hiyo biashara ya halali ya Tippu Tip, iliyoandikwa kwenye mkataba, ikawa magendo. Gavana alikuwa ndiyo kwanza amefika Unguja kushughulikia kesi.

Vita ilizuka mwaka 1892. Mwanawe Sefu aliongoza upande wa Waswahili. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alihamia kwa Wabelgiji na ndiye aliyewapa nguvu ya kushinda. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili, na Septemba mwaka huo Wabelgiji wakampiga Ngongo Lutete risasi kwa tuhuma za usaliti. Sefu alikufa vitani Oktoba. Rumaliza alishindwa Januari 1894 na kuponea kwa kuvuka ziwa kuja upande huu. Mali yote ya Tippu Tip iliyokuwa Kongo ikataifishwa. Wabelgiji wakaiita vita ya kuwakomboa watumwa. Kilichofuata baada ya ukombozi huo ni mpira: vijiji kupangiwa kiasi cha kuleta, wanawake kushikwa mateka mpaka waume walete, mikono kukatwa. Idadi ya waliokufa kwa risasi, njaa na maradhi wanahistoria wanaihesabu kwa mamilioni, na hawajaafikiana.

Bibi mzaa babu yangu alitoka upande ule. Katika ukoo wetu haikusemwa kama alivuka ziwa akikimbia Wabelgiji au akiwa ameletwa na watu wa Rumaliza, na kwa adabu za Ujiji swali kama hilo haliulizwi mbele ya watu. Kwa hiyo mimi siwezi kumlilia Tippu Tip kama vile jamaa yangu aliyedhulumiwa. Alidhulumiwa, ndiyo. Na kabla ya hapo alikuwa amekaa kwenye mnyororo ule ule, pete moja juu ya wale waliobeba pembe.

Miaka yake ya mwisho aliishi Mji Mkongwe. Yeye na Rumaliza, marafiki wa zamani, waliishia kudaiana mbele ya mahakama za Wajerumani. Kwa kushawishiwa na Mjerumani, Heinrich Brode, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, zikachapwa Ujerumani miaka ya 1902 na 1903. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya mtu kujisimulia katika lugha yetu, na nawashauri vijana wakisome. Ajabu yake ni kuwa kimejaa hesabu. Majina ya wakopeshaji, idadi ya frasila, bei za pembe, anazikumbuka baada ya miaka 40. Majina ya wapagazi waliokufa njiani hakuyaandika. Alifariki Juni 1905.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, Ubelgiji iliichukua Kongo rasmi kutoka kwa Leopold. Ilichukua pia madeni ya Dola Huru, faranga milioni 110. Ikakubali kutoa milioni 45.5 kumalizia majengo ya mfalme nchini kwake, na milioni 50 nyingine kumpa yeye mwenyewe kama shukrani kwa jinsi alivyojitolea kwa ajili ya Kongo. Fedha hizo zilitarajiwa kutoka Kongo. Nchi hiyo haijapata kupumzika na madeni ya namna hiyo: iliposamehewa zaidi ya dola bilioni 12 mwaka 2010 chini ya mpango wa IMF na Benki ya Dunia, sehemu kubwa ya deni ilikuwa ya zama za Mobutu, ambaye wakopeshaji walikuwa wakimfahamu vizuri walipokuwa wakimpa.

Nasi wa upande huu tulionja kidogo. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliwafukuza Wajerumani Kigoma na Ujiji, wakatutawala kwa karibu miaka mitano. Vita ilipokwisha, Shirikisho la Mataifa likagawa makoloni ya Ujerumani kwa jina la udhamini. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Ubelgiji, Tanganyika ikaenda kwa Uingereza, na Kigoma ikabadilisha mtawala bila mtu wa Kigoma kuulizwa. Ili Wabelgiji waondoke bila manung'uniko, Waingereza waliwapa kwa mkataba wa Machi 15, 1921 maeneo ya bandari Dar es Salaam na hapa Kigoma, wayakodi milele kwa faranga moja kwa mwaka. Tanganyika ilipokaribia uhuru mwaka 1961, serikali ya Mwalimu Nyerere iliarifu kuwa haitafungwa na mkataba huo, kwani Mwingereza hakuwa na mamlaka ya kukodisha milele ardhi ya nchi aliyokabidhiwa kwa muda. Majadiliano juu ya gati hizo na nchi zilizorithi kutoka kwa Mbelgiji yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo.